Viazi vya Tristan da Cunha

Kwa siku tano sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: je, nilimpa yule msichana sifuri kwa kuwa jibu lake lilikuwa baya, au kwa kuwa niliogopa? Mtu mwingine angejiuliza mara moja, akajijibu, akageukia ukutani na kulala. Mimi nililigawa vipande vipande, kila kipande nikakipa nafasi ya kujitetea, na asubuhi nikaingia darasani na macho mekundu kama mtu aliyekesha kwenye ngoma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimerudi Karatu na shahada ya jiografia kutoka Chuo Kikuu pale Mlimani, nikapangiwa shule changa ya sekondari iliyojengwa na wazazi kwa matofali yao wenyewe. Madawati yalikuwa machache, chaki tulizigawana nusunusu, na kitabu cha jiografia cha kidato cha pili kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha walimu. Kila niliposema neno nililipima kwanza, na mara nyingi nilipomaliza kulipima, mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwingine.

Ndani ya kitabu hicho kulikuwa na sura ya visiwa vya Tristan da Cunha. Hadi leo sijui aliyetunga silabasi alikuwa anafikiria nini. Mtoto wa Endabash, ambaye hajawahi kuiona hata Tanga, alitakiwa ajue visiwa vilivyoko katikati ya Atlantiki ya Kusini, mbali na bara lolote, ambavyo jirani yake wa karibu ni kisiwa kingine kinachofikiwa kwa siku kadhaa za meli. Ni vilele vya volkano vilivyotoka chini ya bahari. Kisiwa kikubwa chenye watu ni mlima mmoja tu, na kilele chake, ukiupima vizuri, hakifikii ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Chini ya mlima huo kuna ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, na hapo pana kijiji kimoja. Watu wake ni uzao wa askari wachache wa Kiingereza na mabaharia waliovunjikiwa na meli. Wanafuga ng'ombe na kondoo, wanavua, na kila familia ina vipande vya viazi vilivyozungushiwa kuta za mawe kuzuia upepo.

Halafu kitabu kilisimulia jambo lililotokea nilipokuwa mtoto mdogo. Ardhi ilipasuka kando ya kijiji, moto ukatoka, na watu wote wakapakiwa kwenye meli wakapelekwa Uingereza. Huko walipewa nyumba na kazi, wakaugua mafua na kuchoshwa na kelele. Haikupita muda wakaanza kudai kurudi. Serikali ikasita. Wakapiga kura, na isipokuwa wachache mno, wote wakataka mlima wao. Wakarudishwa kwenye viazi vyao.

Kitabu kiliisimulia habari hiyo kwa upole, kama mtu anayesimulia ya wajukuu wake. Mimi nikaifundisha kwa upole uleule.

Kwa kuwa kitabu kilikuwa kimoja, nilifanya walivyofanya walimu wote: niliandika hoja tano ubaoni, wanafunzi wakazinakili, na wakati wa mtihani wakazirudisha kama zilivyo. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, hiyo ndiyo amri. Lakini maswali ya kweli yalikuja kwa Kiswahili, na siku ile yalikuja mengi.

"Mwalimu, huko kuna mnada?"

"Hakuna."

"Sasa ng'ombe wanauzia wapi?"

"Na wanaoa wapi, mwalimu, kama kijiji ni kimoja?"

"Wanaoana wenyewe kwa wenyewe," akajibu mwingine kutoka nyuma, "kama kuku wa mama mmoja!"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Ndipo aliposimama yeye. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake kwa miaka kama mitatu, mrefu, mikono ameifunga nyuma. Nyumbani kwao ni Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Masikio yake yalikuwa yametogwa matundu mapana, na sheria ya shule ilimkataza kuyavalisha shanga.

"Mwalimu, nani aliwapa ruhusa ya kulima?"

"Kulima wapi?"

"Hapo kwenye volkano."

"Hawakuhitaji ruhusa. Ni kwao."

"Na sisi?"

"Ninyi mna tembo!" akapiga kelele yule wa kuku. "Wao wana samaki!"

Walicheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua hasa alichokuwa akiuliza. Nikatazama mlangoni kuona kama kuna mtu anapita. Kisha nikasema, "Hilo halimo kwenye silabasi. Kaa chini."

Akakaa. Baada ya kipindi akaja kuniomba kitabu akakisome mwenyewe. Nikampa, nikifurahi kwamba angalau hilo naweza kumpa.

Nilijua alichouliza kwa sababu jambo hilo nilikuwa nimelisomea. Boma la baba wa msichana yule lilikuwa chini ndani ya kreta, na walikuwa miongoni mwa watu waliotolewa humo katikati ya miaka ya sabini, yeye akiwa bado mdogo. Wakahamia Endulen. Mama yake ni Mwiraqw, mzaliwa wa Endamarariek kama mimi, aliyeolewa na mfugaji. Mwanamke wa kwetu haachi jembe hata ukimwoza kwa mfalme. Alilima kipande nyuma ya nyumba, mahindi, maharage na viazi, kwa kuwa maziwa peke yake hayalishi watoto wakati wa kiangazi. Ilipokuja sheria ya kukataza kilimo ndani ya hifadhi, jembe lile likawa kosa. Mara mbili askari wa hifadhi waling'oa mimea yake.

Na mimi? Mimi Chuo Kikuu niliandika insha nzima juu ya matumizi mseto ya ardhi Ngorongoro. Nilichora ramani nzuri, kijani kwa wanyama, manjano kwa malisho, na mpaka wa msitu kwa wino mweusi. Nilipata A. Hakuna mahali kwenye ramani ile ulipoonekana mgongo wa mwanamke aliyeinama.

Ninachokasirikia zaidi ni udongo. Udongo mwekundu wa shamba la baba yangu Endamarariek umetokana na milima ileile. Volkano zile zilipotapika, hazikuuliza mpaka wa hifadhi uko wapi. Majivu yaleyale upande huu yanaitwa rutuba na baba yangu anapanda atakacho, na ng'ambo ya msitu yanaitwa urithi na mtu akipanda kiazi anakuwa mhalifu. Wale wa visiwani walitolewa na mlima, na ulipotulia wakarudi. Hawa walitolewa na karatasi, na karatasi haipoi.

Hayo yote niliyajua, nikamwambia akae chini.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa mzito kwa kidato cha pili, kwa sababu kidato cha tatu kilikuwa na mkondo mmoja tu. Asiyefikisha wastani alirudi nyumbani, basi. Tulisahihisha kwa meza, kama ilivyo desturi: walimu wanakaa kuzunguka meza moja ndefu, kila mmoja ana swali lake, na karatasi zinazunguka kutoka mkono hadi mkono. Unasoma jibu la swali lako, unaandika alama, unasukuma kwa jirani. Ukichelewa, karatasi zinarundikana mbele yako na watu wanaanza kukohoa. Mkuu wa shule, ambaye naye alikuwa mwalimu wa jiografia, alikaa kichwani mwa meza na mwongozo wa kusahihisha. Mimi nilipewa swali la nne: eleza jinsi watu wa Tristan da Cunha wanavyoishi kwa kutegemea ardhi ya volkano, na kwa nini walirudi.

Karatasi ya msichana wa Endulen ilinifikia kabla ya chakula cha mchana. Ukurasa mzima wa kwanza ulikuwa juu ya bustani ya mama yake. Alitaja hatua kutoka mlangoni hadi kwenye tuta, akaeleza viazi vilivyokuwa vimeanza kutoa maua. Kisha akaandika, kwa Kiingereza cha kujikokota ambacho hapa nakiweka kwa Kiswahili: "Watu wa visiwa vile wana bahati kwa sababu volkano yao haina faru. Ingekuwa na faru, viazi vyao vingeng'olewa."

Mwalimu wa historia alikuwa amekaa kulia kwangu, akachungulia. Alikuwa mtu wa mzaha.

"Jamani, huyu kahamishia faru Atlantiki!" alisema kwa sauti. "Wataogelea mpaka wafike."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa shule akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akasoma kwa kuvuta pumzi puani.

"Nje ya swali," alisema. "Tena hii ni siasa. Sifuri."

Akanirudishia. Karatasi zingine zilikuwa zimeshafika nane mbele yangu. Na mimi nilikuwa nacheka. Hilo ndilo nisiloweza kulisamehe: nilikuwa nacheka pamoja nao, kalamu nyekundu mkononi, nikaandika sifuri, nikaizungushia duara, nikasukuma karatasi kwa jirani.

Alama zilipojumlishwa, alikuwa chini ya wastani kwa kidogo. Swali la nne lilikuwa na alama ishirini. Hata nusu yake ingemvusha.

Basi hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Nilianza kujitetea. Mwongozo ni mwongozo. Nikimpa huyu alama kwa ajili ya bustani ya mama yake, nitamwambia nini yule aliyekariri hoja zote tano? Je, si huruma tu? Je, si kwa sababu mama yake anatoka kwetu? Halafu nikawaza ajira yangu, nikawaza wakubwa wanaoalikwa siku ya kutoa zawadi, wengine wao wakuu wa hifadhi. Nikajiambia kwamba mwalimu mpya hana budi kwanza kuaminiwa, ndipo aseme. Kila sababu ilikuwa na akili. Zote kwa pamoja zilinuka woga.

Siku ya mnada, mama yake akaja shuleni. Alikuwa ameshuka na lori lililokuwa limebeba ngozi, akiwa amevaa kaniki na shanga za kwao mumewe, lakini alinisalimu kwa Kiiraqw, "Saita," akaniuliza ukoo. Tulipopata babu wa mbali tunayehusiana naye, akaanza kunitania kama mtoto wake.

"Kumbe wewe ndiye mwalimu wa visiwa? Nilidhani utakuwa mzee mwenye ndevu."

"Ndiye mimi, mama."

"Binti yangu alikuja likizo ya katikati na kile kitabu, akatusomea. Usiku hatukulala, ni visiwa tu. Baba yake akauliza ng'ombe wao wana rangi gani. Akasema kitabu hakisemi. Baba akasema basi hicho kitabu hakina maana." Akacheka, akafuta jicho kwa ncha ya kaniki. "Mimi nilimwambia hao watu wa viazi waje watufundishe kupiga kura."

Nikacheka kwa shida. Akasogea karibu.

"Ameniambia swali la viazi lilikuja kwenye mtihani. Kweli?"

"Kweli, mama."

"Akasema, 'Mama, swali lile lilikuwa letu.' Sijawahi kumwona anajisifu, mwanangu. Yeye si mtu wa kujisifu. Amefanyaje?"

Matokeo yalikuwa bado hayajatangazwa, na sheria ilinikataza kusema. Ni sheria nzuri kwa mwoga. Nikamwambia asubiri Ijumaa, orodha itabandikwa.

"Nitasubiri," alisema. "Nimeacha jembe nyumbani, sina haraka. Nikilishika wananishika." Akaniangalia usoni kwa muda. "Wewe unaumwa?"

Nilimsindikiza hadi getini, nikarudi moja kwa moja chumba cha walimu, nikafungua kabati la karatasi za mitihani. Sikujua nataka nini. Nilitaka labda kulisoma jibu lile mara ya pili nilione kweli ni baya, nitulie.

Nililisoma. Nikageuza ukurasa. Kulikuwa na ukurasa wa pili.

Siku ile mezani sikuugeuza. Mkuu wa shule hakuugeuza pia. Tulicheka ukurasa wa kwanza na tukautupa wa pili. Na huko nyuma alikuwa ameandika yote: majivu yanavyokuwa udongo, kuta za mawe, mifugo, watu kupiga kura ili warudi. Hoja nne kati ya tano, kwa maneno yake mwenyewe. Pale pa hoja ya tano, ile ya mazao, alikuwa ameandika: "Viazi tu. Mahindi hawana. Kitabu kinasema upepo wa bahari hauwaachi."

Nikasita. Nikachukua mwongozo. Mwongozo ulisema: viazi na mahindi.

Nikakimbilia kitabu. Mahindi hayakuwamo. Hayakuwamo popote katika sura ile. Ilinichukua muda kuelewa yametoka wapi, na nilipoelewa nilihisi uso unawaka. Yalitoka kwangu. Nilipokuwa naandika hoja ubaoni, niliandika "viazi", na mkono wangu wenyewe ukaongeza "na mahindi", kwa sababu mimi ni mtoto wa Endamarariek, na kwetu hakuna shamba la viazi lisilo na mahindi pembeni. Sijawahi kuona lingine. Nilipanda mahindi katikati ya Atlantiki ya Kusini kwa chaki, na mkuu wa shule akayachukua kwenye hoja zangu akayatia kwenye mwongozo bila kufungua kitabu.

Nikazipitia karatasi zote. Moja baada ya nyingine: viazi na mahindi, vema nyekundu. Viazi na mahindi, vema nyekundu. Darasa zima lilikuwa limevuna mahindi yangu. Mwanafunzi mmoja tu alikuwa amekisoma kitabu, naye ndiye tuliyekuwa tunamrudisha nyumbani.

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa wazi. Orodha ya kidato cha tatu ilikuwa tayari imepigwa chapa, iko mezani chini ya jiwe.

"Ndugu mwalimu," alisema, "mbona unahema?"

Nikaweka karatasi mbele yake, nikaifungua ukurasa wa pili. "Hatukusoma huku."

Akasoma. Alikuwa mtu wa haki katika mambo madogo, naona alisoma kwa makini. Kisha akairudisha kwa kidole.

"Binti, ukurasa wa kwanza nao upo. Siku ya zawadi wageni wakauliza huyu alifaulu kwa jibu gani, nitawaonyesha faru?"

"Faru wapo. Ni jiografia."

"Ni siasa. Jiografia iko kwenye mwongozo."

"Kwenye mwongozo kuna mahindi."

"Mahindi yana ubaya gani?"

"Kule hayapo, mwalimu. Niliyapanda mimi ubaoni, nawe ukayapiga chapa. Darasa zima limepewa alama kwa mahindi yasiyokuwapo, na aliyesema hayapo ana sifuri."

Akachukua kitabu mkononi mwangu, akatafuta ukurasa, akapita na kidole mstari kwa mstari. Nilisikia watoto wakifagia uwanja nje.

"Ukiyaondoa mahindi," alisema hatimaye, "kuna wawili watatu wataanguka."

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria njiani, maana mimi hufikiria kila kitu. "Siyaondoi kwao. Kosa ni langu, walinakili nilichoandika. Nataka alama zake tu."

"Na mimi sitaweka sahihi."

"Sikuombi sahihi."

Sikuwa na hofu tena. Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, na mwalimu wa historia, na askari waliong'oa maua ya viazi, na yule aliyechora mpaka, na mimi niliyepata A kwa kuupaka mpaka huo wino mweusi. Nilijua wengi wa hao siwezi kuwafanya lolote. Kalamu nyekundu ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

Nikakaa kwenye kiti chake cha wageni bila kukaribishwa. Nikaikata ile sifuri kwa mstari mmoja ili ibaki ikisomeka, kila atakayefungua faili aione ilikuwapo na nani aliiandika. Pembeni nikaandika ishirini, hoja nne kwa kitabu na ya tano kwa kuwa sahihi kuliko mwalimu wake. Nikaweka sahihi yangu na tarehe. Nikajumlisha upya. Kisha nikaitoa orodha chini ya jiwe, na chini ya jina la mwisho lililopigwa chapa nikaandika jina lake kwa mkono, herufi kubwa.

"Unaiharibu orodha," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

Nikatoka nayo, nikavuka uwanja uliokuwa unafagiliwa, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo siku mbili kabla ya Ijumaa, nikamwita mwanafunzi wa karibu, nikamwambia aache ufagio aende mnadani haraka, amtafute mama mmoja aliyekuja na lori la ngozi.